Wanaosema Tanganyika tulipewa uhuru wa mezani, wapande Mlalo kwanza

MwanaNgamiani (mleta mada)

Habari za jioni wakuu.

Jana baada ya Isha tuko barazani, Barabara ya 12 hapa Ngamiani, Tanga, kahawa chungu na kashata kama kawaida. Kijana mmoja wa chuo, mtoto wa jirani yangu, akatuambia kwamba Watanganyika hatuna cha kujivunia katika kumtoa mkoloni. Kenya waliingia msituni, Msumbiji wakashika bunduki, sisi tukasubiri Mwingereza achoke, akatuachia mezani akaondoka. Kijana nilimsamehe. Wazee wenzangu wawili waliotikisa kichwa wakisema "hapo kasema" ndio walioniharibia kahawa.

Sikumjibu palepale. Bao lilikuwa limepamba moto na sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Namjibu hapa.

Ukitoka Muheza kwenda Korogwe, tazama mkono wa kulia. Ile ndiyo Usambara. Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, kisha ikausambaza milima yote. Hoja yao ilikuwa kwamba watu wameongezeka, miteremko inalimwa bila kupumzishwa, udongo unakwenda na maji. Amri ikatoka: mwenye shamba achimbe matuta, na ng'ombe wasichungwe kwenye miteremko mikali. Asiyechimba alipe faini. Asiyelipa faini akalale ndani. Na waliotumwa kusimamia amri hiyo hawakuwa Wazungu, walikuwa mazumbe, yaani watawala wa jadi wa ukoo wa Kilindi, na majumbe wao, yaani ndugu zetu wenyewe.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Mlalo. Alikuwa akisema, "Jembe langu, mgongo wangu, tuta la Bwana Shamba." Walichimba matuta ya kando ya njia tu, yale ambayo mkaguzi akipita atayaona. Kule nyuma ya kilima, kwenye mahindi yenyewe, hapakuwa na tuta hata moja. Ikafika mahali hata ya kando ya njia wakayaacha, wakaambiana: twende ndani basi, jela ina milango mingapi? Katikati ya miaka ya hamsini watu walikuwa wanakataa waziwazi, TANU ilipopanda milimani ikawakuta wameshaanza. Kufikia 1957 na 1958 serikali ikauacha mpango wake. Hakuna jeshi lililoshindwa pale. Watu waliinamisha majembe, basi.

Lugha yetu inayo maneno ya jambo hili tangu zamani. Kugoma. Kususia. Mgomo baridi. Hata mtoto anajua kususa chakula mpaka mama abembeleze. Sasa naomba wadau mniambie: kukataa kwa namna hii si kupigania uhuru?

---

KakaPongwe

Mkuu uzi bila picha ni sawa na chai bila sukari. Tupia picha ya matuta.

---

MtuWaPangani

Mleta mada nakuheshimu lakini hapa unatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mimi nimezaliwa Pangani. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na Bwana Heri wa Saadani akapigana na Mjerumani mpaka kijiji chake kikateketezwa. Wale ndio walipigania. Walitaka nchi, wakashika silaha. Wewe unatuletea habari ya wanawake waliokataa kuchimba matuta!

Hata hao Waingereza hawakuondoka kwa sababu ya majembe kuinama. Mwaka 1952 Kenya ilitangaziwa hali ya hatari. Gavana wa mwisho hapa, Turnbull, alitoka Kenya alikokuwa serikalini wakati wa Mau Mau. Alijua msitu unavyonuka. Amani yenu ilinunuliwa na damu ya jirani, semeni hivyo.

---

MwanaNgamiani

Mtu wa Pangani, hilo la Turnbull sikatai, na nitalirudia. Ila Abushiri unamtaja ukaachia njiani. Alishindwa. Wissmann, kamanda wa Mjerumani, alikuja na askari wa kukodi na mizinga.

Tazama na Maji Maji. Mwezi Julai 1905 pale Nandete, Umatumbi, watu walianza kwa kung'oa mashina ya pamba ya serikali. Hawakumgusa mtu, waling'oa mimea. Hilo lilikuwa kususa kabla halijawa vita. Ikaja vita, na Mjerumani akajibu kwa kuchoma ghala na mashamba mpaka njaa ikamaliza kazi. Wanaohesabu kidogo wanataja elfu 75 waliokufa, wengine wanafika laki tatu. Mtoto wa miaka kumi mwaka 1905 alikuwa mzee wa miaka sitini hivi TANU ilipoanzishwa Julai 1954. Alikuwa anakaa kwenye mikutano. Usitegemee mtu wa namna hiyo apige makofi ukimwambia tushike mikuki.

---

MgosiWaSoni

Mleta mada umegusa kwetu, niongeze jambo ambalo watu wa pwani huwa hamlijui.

Kisambaa kina maneno mawili: *kuzifya shi* na *kubana shi*. La kwanza ni kuiponya nchi, mvua inyeshe, chakula kiwepo, watu wazae. La pili ni kuiharibu nchi. Zumbe wa Kilindi aliheshimiwa kwa sababu ilisadikiwa ana nguvu juu ya mvua, akiwa na nguvu nchi inapona. Sasa zumbe yuleyule akageuka kuwa mkono wa Bwana Shamba, anapeleka watu barazani kutozwa faini kwa sababu ya matuta. Kwa macho ya mkulima huyo hakuwa anaitii serikali tu. Alikuwa anaibana nchi. Kumkaidi ikawa ni wajibu, siyo utovu wa adabu. Ndiyo maana watu wapole kabisa, wanaovua kofia mbele ya mkubwa, walikataa bila aibu.

Halafu kulikuwa na hofu ya ardhi. Mjerumani alishachukua mashamba mazuri kule Lushoto, wakati huo akiuita mji Wilhelmstal. Wazee wakawa wanaulizana: Mzungu anatutengenezea shamba kwa huruma gani? Leo tuta, kesho hati.

---

MjukuuWaManamba

Nasoma kimya tangu mwanzo ila nimeshindwa kuvumilia. Mnazungumza kama Tanga yote ilikuwa na shamba la kususia! Sisi tuliokuja na mkonge je?

Babu yangu alitoka Kasulu akiwa kijana, akaletwa Muheza na Silabu, ile ofisi ya wenye mashamba ya kukusanya vibarua iliyoanzishwa 1944. Walipewa namba, ndiyo maana tukaitwa manamba mpaka leo na wengine mnatutania. Kazi ilihesabiwa kwa kipande. Karatasi yenye vyumba thelathini, nyapara anatia alama ukimaliza ngwe yako. Hujajaza thelathini, hupati mshahara. Nyapara akikuchukia akakunyima alama, siku yako imekufa na jasho lake.

Mtu wa namna hiyo atakataaje? Hana zumbe wake, hana mjomba Tanga, hana hata shamba la mihogo. Silaha yake ni miguu. Babu alikuwa na majina matatu katika mashamba matatu. Akiona nyapara kazidi, usiku anahama, kesho yake yuko Ngomeni au Korogwe anaandikishwa upya kama mtu mwingine. Wakoloni waliita utoro, wakauwekea sheria. Mimi nauita mgomo wa mtu mmoja mmoja. Na walipopata nguvu ya kuwa wengi waligoma kwa pamoja: makuli wa bandari ya Tanga waligoma Agosti 1939, baada ya mgomo wa Mombasa, na wafanyakazi wengine mjini wakawafuata. Mwishoni mwa miaka ya hamsini ndiyo mashamba ya mkonge yalipochemka, migomo kila kona.

Ule mkonge, kwa wasiojua, Mjerumani mmoja, Hindorf, aliuleta 1893 kutoka Florida, vikonyo kama elfu moja, vikafika Pangani vizima 62 tu. Wakati wa uhuru Tanganyika ilikuwa inatoa tani kama laki mbili kwa mwaka, ya kwanza duniani. Migongo iliyobeba zile tani haimo kwenye hadithi zenu za jembe.

---

MwanaNgamiani

Umenifunga mdomo mjukuu wangu. Mimi nimekulia Ngamiani nikinunua ndizi kwa Waha na sikuwahi kuwauliza babu zao walikataaje.

---

BintiLushoto

Shikamooni wazee. Nina mambo mawili.

La kwanza, Mtu wa Pangani umesema "wanawake waliokataa kuchimba matuta" kama unacheka. Shamba la chakula milimani ni kazi ya mwanamke. Amri ilitoka kwa wanaume, ikapitia kwa wanaume, ikatua mgongoni kwa mwanamke. Aliyekuwa na uwezo wa kuuvunja mpango ule ni yule aliyeshika jembe, mumewe angegoma peke yake shamba lingechimbwa tu. Na kwa TANU ni hivyohivyo. Bibi Titi Mohamed mwaka 1955 aliwapata wanawake kupitia vikundi vya ngoma, lelemama na nyinginezo, watu ambao tayari walikuwa na kiongozi wao, mchango wao na sare zao. Wanaume wengi waliokuwa kazi za serikali walikatazwa kujiunga, wake zao wakakata kadi.

La pili litawaudhi. Njooni Lushoto leo. Miteremko imejaa matuta ya ngazi, kabichi na karoti zimepandwa juu yake, na hakuna askari. Tangu miaka ya themanini watu wamefundishwa hifadhi ya udongo, wakachimba. Kwa hiyo Bwana Shamba wa 1946 kuhusu udongo hakuwa mwongo.

---

KakaPongwe

Hapo kwenye la pili pamenikoroga. Kumbe walikataa kitu kizuri?

---

MgosiWaSoni

Kaka Pongwe, mtu akikupikia pilau halafu akakushikia bakora ule, pilau litakuwa tamu? Na mwaka 1946 hukuwa na soko la kabichi Dar. Kazi ya kuchimba ilikuwa leo, faida yake hukuiona, na hofu ya kunyang'anywa ulikuwa nayo. Leo mtu anachimba kwa sababu anajua gunia la karoti litauzwa na shamba litabaki la mwanawe.

---

WakiliWaMtaani

Nimefurahia uzi ila mmeruka swali gumu. Niwawekee mezani.

Mwalimu na TANU hawakuvunja sheria. Wavunja sheria walikuwa hao akina bibi wa Mlalo. TANU iliandikishwa, iliomba vibali vya mikutano, ikanyimwa ikaomba tena. Sasa linganisheni na Gandhi. Mwaka 1930 alitembea siku 24 kutoka Sabarmati mpaka Dandi, kilomita zipatazo 385, akaokota chumvi pwani makusudi kwa sababu sheria ilimkataza. Chumvi! Hapa kwetu ukanda huu wa pwani tunaianika mpaka leo wala hatuifikirii. Watu kama elfu 60 wakafungwa. Na mwaka 1922 Ahmedabad alisimama kizimbani, akakiri kosa, akamwambia hakimu ampe adhabu kali kuliko zote. Akapewa miaka sita.

Mwalimu mwaka 1958 alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wawili wa wilaya katika Sauti ya TANU. Alitetewa na D. N. Pritt, wakili mkubwa kutoka Uingereza. Agosti hakimu akampa achague: faini ya shilingi 3,000 au miezi sita jela. Akalipa faini.

Nikiwa mwanafunzi jambo hili lilinikera. Nilitaka aende jela, picha yake itoke dunia nzima nyuma ya nondo. Nchi za udhamini kama Tanganyika zilikuwa chini ya macho ya Umoja wa Mataifa, ujumbe wao ulikuwa unakuja kila baada ya miaka mitatu, mwenyewe alishasimama New York Machi 1955. Jela ingekuwa hotuba.

---

MtuWaPangani

Hapo ndipo ninaposema mimi! Mpigania uhuru gani analipa faini?

---

WakiliWaMtaani

Subiri sijamaliza, chakula kilikuwa kinaungua jikoni.

Siku hizi sioni vile. Tazama kalenda. Uchaguzi wa kwanza ulikuwa Septemba 1958, mwezi mmoja mbele, na jimbo la Tanga lilikuwa katika awamu hiyo ya kwanza. Uchaguzi wenyewe ulikuwa tusi: kura tatu. Mpiga kura lazima ampigie Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, ukiacha mmoja kura imeharibika. Waafrika zaidi ya milioni 8, Wazungu elfu 20 hivi, viti sawa. Na usipokuwa na kisomo, cheo au kipato cha kutosha hupigi kura kabisa.

Mkutano wa Tabora Januari 1958 uliwaka moto kwa hilo. Wengi walitaka kususia. Kususia ndiyo silaha mnayoisifu tangu juu ya uzi huu! Mwalimu akawapinga, akashinda, likaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu akatoka kwa hasira akaanzisha Congress. Na hapa Tanga pana mkono wetu: wazee husimulia kwamba kabla ya Tabora Mwalimu alikaa na viongozi wa TANU wa hapa, akina Mwalimu Kihere na Sheikh Abdallah Rashid Sembe, wakapanga namna ya kuwageuza wajumbe. Baadaye TANU ikawaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana nayo, ikashinda viti vyote vitatu vitatu. Ule mtego wa rangi ukamnasa aliyeutega.

Kwa hiyo jela ya Agosti ingemtoa uwanjani wiki chache kabla ya mechi. Gandhi wa 1922 hakuwa na uchaguzi wa kushinda mwezi ujao. Kususa ni kitu cha kupima. Ukisusia matuta, Bwana Shamba hana mtu mwingine wa kuchimba, amekwama. Ukisusia kura, Congress au UTP, kile chama kilichobebwa na gavana, wanaingia barazani badala yako na mambo yanaendelea. Akina bibi walisusa mahali ambapo kukosekana kwao kunauma.

---

MpembaMakorora

Salaam aleikum. Nanyi watu wa bara mnazungumza kama kususa kumeanzia Mlalo. Unguja mwaka 1928 wapangaji wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi kwa wenye viwanja, na waliokuwa mbele wengi ni wanawake. Mwaka 1937 wafanyabiashara wa Kihindi wakasusia kununua karafuu kwa sababu ya sheria iliyowanyima biashara, na Bara Hindi kule Congress yao ikawaunga mkono kwa kususia karafuu ya Unguja. Mwaka uliofuata serikali ikakaa nao ikalegeza.

Ila mwaka 1951 Kiembe Samaki watu walikataa ng'ombe wao kuchanjwa, ikaishia kwa mawe na risasi. Mambo haya yanaanza kwa upole yanaishia usikojua, yakhe.

---

MwanaNgamiani

Wakili, umenipa kazi ya kufikiri usiku huu, maana mimi nilikuja kumjibu kijana kwa kauli moja tu. Nilidhani TANU na bibi yangu walikuwa kitu kimoja. Kumbe mmoja alikuwa anavunja amri na mwingine anashika vibali, na serikali ikabanwa katikati. DC, yaani mkuu wa wilaya wa mkoloni, alikuwa anasoma ripoti za matuta asubuhi na barua za TANU jioni.

Na Mtu wa Pangani, la Turnbull niliahidi kulirudia. Ndiyo, aliiogopa Kenya. Lakini Wameru wa hapa kwetu, upande wa Arusha, nao walishafukuzwa Ngare Nanyuki Novemba 1951, nyumba zikachomwa, na hawakujibu kwa moto. Walichanga, wakamtuma Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa 1952. Ardhi hawakurudishiwa mara ile. Lakini tangu siku hiyo kila gavana alijua kuna mtu New York anasikiliza. Hofu ya Kenya na masikio ya New York, vyote viwili vilikuwa chumbani.

---

MtuWaPangani

Haya, nusu nakubali. Nusu nyingine nazika na Abushiri.

---

MjukuuWaManamba

Nami nikienda Muheza wikiendi nitamuuliza baba yale majina matatu ya babu. Moja tunalo kwenye vyeti, mawili yamepotea.

---

KakaPongwe

Bado nadai picha.

---

BintiLushoto

Nitapiga kesho asubuhi ukungu ukiondoka, niko Mlalo kwa shangazi.

---

KakaPongwe

Ya matuta yale ya mkoloni au haya ya kabichi?

---

BintiLushoto

Ya kabichi. Yale mengine nimemuuliza shangazi, anasema mama yake aliyafumua mwaka uleule bwana shamba alipoacha kuja, akapanda maharage.